Ingia, Piga, Toka: Wera ya Wasee wa Laini

Usiku wa tarehe 9 Februari 2025, pale New Orleans, kwotabeki Patrick Mahomes alisakwa mpaka akakosa pa kusimama. Huku kwetu ilikuwa tayari Jumatatu, mechi ikianza saa nane na nusu usiku, na ka ulikesha na tenje chini ya blanketi ulijionea: Philadelphia Eagles walimpiga saki sita, hafu ya kwanza ikaisha 24-0, mechi ikafungwa 40-22. Watu mob walibonga kuhusu hizo pointi. Mi nilikwama kwa kitu ingine. Hiyo Super Bowl yote, fainali ya ligi ya NFL, Eagles hawakutuma blitzi hata moja.

Ka we ni mgeni kwa boli ya Marekani, skiza. Saki ni kumwangusha kwotabeki, yule wa kurusha mpira, mpira bado ikiwa mkononi, kabla arushe. Mbele yake kuna ukuta wa majamaa watano, wera yao ni kumficha. Difensi mara mob huanza na wanne kwa laini. Hao wanne wakikwama, kochi anachota msee wa tano ama wa sita kutoka nyuma, anamtuma mbio. Hiyo ndio blitzi. Inasaidia, lakini inaacha mashimo huko nyuma, na Mahomes ni msee wa kuona hayo mashimo kabla ata hayajafunguka poa. Eagles walimnyima hiyo raha. Kila akirudi nyuma kurusha, walituma wanne, wakabaki na saba wa kulinda, na bado wakamfikia.

Siri ni kwamba hao wanne walikuwa wanane. Josh Sweat anachoma kona, anatoka, Jalyx Hunt anaingia. Jalen Carter anasukuma katikati, akihema Moro Ojomo anashika nafasi. Kuna Nolan Smith, kuna Jordan Davis, kuna Milton Williams mwenye alitoka na saki mbili hiyo usiku. Alafu kuna mzae wa kikosi, Brandon Graham, mwenye aliraruka msuli wa mkono Novemba, watu wakaamini msimu wake umeisha, akarudi akavaa jezi kwa fainali. Hiyo kupokezana ndio inaitwa rotesheni, na mi naamini ndio kitu fiti kushinda zote kwa huu mchezo, ata kushinda zile pasi ndefu zenye kila mtu huposti.

Na hapa ndio utamu uko: ule ukuta wa ofensi haupokezani. Wale watano huanza pamoja na kumaliza pamoja, ju wera yao yote ni kuelewana. Mmoja akisonga nusu hatua na jirani yake hana rada, kwotabeki ameenda. So ikifika kwota ya nne, jamaa wa ukuta ameshacheza snapu sitini, yaani mpira imeanzishwa mara sitini, jasho imemwingia kwa macho, alafu mbele yake anasimama msee mwenye amecheza thelathini na pumzi bado iko. Wote wako na zaidi ya kilo mia, wote wana nguvu, lakini miguu ya mmoja imechoka na ya mwingine ndio imeanza kushika moto.

Kwa boli yetu kochi ana mabadiliko tano, na ukitolewa umeenda kuoga. NFL iliruhusu mabadiliko bila kikomo mwaka 1950, na msee anaweza toka na kurudi mara ishirini kwa mechi moja. Kikosi ni watu 53, siku ya mechi wenye wanavaa hawazidi 48, na kati yao utapata wanane ama tisa ni wa laini ya difensi pekee. Nafasi za kuanza ni nne. Piga hesabu uone venye kochi anathamini hao wengine.

Cheki pia mwili yenyewe. Jordan Davis, mwaka 2022 akipimwa kabla ya kuchaguliwa, alikuwa na kilo kama 155 na alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.78. Yadi 40 ni kama mita 36 na nusu. Mwili ya hiyo size ikitoka kwa hiyo speed, inachoma fueli yote kwa sekunde chache. Msuli huwa na akiba ndogo ya nguvu ya kulipuka, inatosha kitu ka sekunde kumi, na kuijaza tena inachukua dakika kadhaa. Mchezo mmoja wa NFL, yaani snapu moja, hudumu sekunde tano ama sita. Alafu kuna mapumziko ya chini ya dakika, alafu unalipuka tena. Fanya hivyo mara kumi mfululizo na akiba haijazwi. Unabaki unasukuma na moyo tu. Msee wa laini akichoka huoni akianguka. Unaona mgongo imenyooka, yaani ameacha kuinama. Na kwa laini, mwenye ako chini ndio anashinda.

Ka umekulia Nairobi hii kitu unaijua vizuri kupitia mathree. Dere wa gari akiwa amepiga trip tangu mangware, anapeana usukani kwa squad, anashuka, anadishi, ananyoosha mgongo, na gari inaendelea kuingiza ganji. Hakuna abiria huuliza mbona dere ni mwingine. Wenye gari wanajua dere amechoka ni hatari kwa kila mtu, na pia wanajua squad mwenye hajui barabara atakuangusha vile vile. Kochi wa laini ana hiyo hiyo presha: squad wake lazima awe anajua njia.

Kuna design mbili za kupokezana. Ya kwanza ni kubadilisha kundi nzima. Wanne wanacheza ofensi ya adui ikishika mpira mara ya kwanza, wanne wengine wanangoja zamu ijayo. Ya pili ni kubadilisha kulingana na hali, na hii ndio inahitaji akili. Dauni ya kwanza, yaani jaribio la kwanza la kusonga mbele, adui anaweza kimbia na mpira, so unaweka majamaa wazito, wale wa kushika katikati wasisongeshwe. Ikifika dauni ya tatu na bado adui anahitaji yadi kumi, kila mtu uwanjani anajua pasi inakuja. Hapo wazito wanatoka na wepesi wanaingia, wale wa mikono mrefu na hatua ya kwanza kali. Timu nzuri huchanganya zote mbili. Alafu kuna ile ishara yenye ningependa kila mtazamaji aijue: msee akijiskia ameisha, anajigonga helmeti juu na kiganja. Anaomba kutoka. Kwa timu ya ovyo hiyo ishara huonekana ka udhaifu. Kwa timu yenye inajielewa hiyo ni heshima kwa beshte mwenye ako benchi ametulia na ako tayari.

Benchi yenyewe ni wera. Wakitoka wanapewa tableti yenye picha za michezo iliyopita, picha zimesimama, video hairuhusiwi. Wanaangalia miguu ya yule jamaa wa ukuta. Anaweka mguu wa nje nyuma sana? Basi anaogopa kona, mpitie ndani. Mwenye ametoka sahi anamwambia mwenye anaingia. So yule anaingia hajabeba tu pumzi mpya, amebeba ripoti ya dakika mbili zilizopita. Ju ya hii mi huona neno «stata» linadanganya watu. Kuanza mechi ni jina kwa karatasi. Swali la maana ni nani ako ndani dauni ya tatu, kwota ya nne, adui akiwa nyuma kwa pointi nne.

Unataka ushahidi? Chukua New England Patriots wa 2007. Walifunga pointi 589 kwa msimu wa kawaida, rekodi wakati huo, na wakafika Super Bowl wakiwa wameshinda mechi 18 bila kupoteza. Upande ule mwingine kulikuwa na New York Giants, timu yenye ilikuwa imeongoza ligi kwa saki, 53. Septemba hiyo walimpiga Donovan McNabb wa Eagles saki 12 kwa mechi moja, na sita kati yao zilikuwa za Osi Umenyiora pekee. Laini yao ilikuwa na Osi, Michael Strahan, Justin Tuck, na kuna jina lingine lenye mtu wa Kampala lazima alitambue: Mathias Kiwanuka.

Huyu Mathias alizaliwa Indianapolis, lakini guka yake ni Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, mwenye baadaye alikuwa jaji mkuu na akauawa mwaka 1972 enzi za Idi Amin. Giants walimchukua Mathias raundi ya kwanza mwaka 2006 na wakati huo walikuwa tayari na Strahan na Osi. Watu walishangaa, mbona unanunua msee wa kona na una wawili wakali? Jibu lilikuwa ni rotesheni. Walitaka watu mob wenye wanaweza kumfikia kwotabeki, alafu wawapange baadaye. Mathias akakubali ata kurudishwa nyuma kidogo acheze nafasi ya laini ya pili ili wote watoshee. Novemba 2007 akavunjika mguu, na fainali akaitazama bila kucheza. Inauma. Lakini hapo ndio ule wingi ulisaidia: laini haikuanguka.

Kwa hiyo fainali, Februari 2008, Tom Brady, kwotabeki wa Patriots, alipigwa saki tano. Giants 17, Patriots 14. Watu hukumbuka mpira yenye David Tyree wa Giants aliibana kwa helmeti. Mi nakumbuka Jay Alford. Rukii, yaani msee wa msimu wake wa kwanza, wa benchi katikati ya laini, hakuwa ata stata. Sekunde zikiwa chini ya thelathini, Brady anatafuta pasi moja ya kuokoa msimu wote, na mwenye anapita kwa ukuta na kumzika ni Alford. Patriots wa 18-0 walizimwa na kijana mwenye miguu yake ilikuwa imetunzwa usiku kucha kwa ajili ya hiyo dakika.

Miaka minne baadaye Giants walikutana na Brady tena na wakamshinda tena, 21-17. Msimu huo walikuwa na kikosi cha dauni za pasi chenye walikiita NASCAR, jina la zile mbio za magari: wasee wa kona wanne kwa laini moja, hakuna mzito. Tuck, Osi, Jason Pierre-Paul, na Kiwanuka, sasa akiwa mzima.

Alafu 2013 ikaja Denver Broncos ya Peyton Manning na ikavunja ile rekodi, pointi 606. Seattle Seahawks walikuwa wamejipanga tangu Machi. Walisaini Cliff Avril kutoka Detroit na Michael Bennett kutoka Tampa Bay kwa wiki moja, na wote wawili wakaambiwa watapokezana. Bennett aliongoza timu kwa saki, nane na nusu, na alikuwa akicheza zaidi kidogo tu ya nusu ya snapu. Kwa Super Bowl, Avril aligonga mkono wa Manning akirusha, mpira ikapanda juu, Malcolm Smith akaidaka na kukimbia nayo yadi 69 hadi tachidauni. Ikaisha 43-8. Ofensi mbili zenye ziliweka rekodi, 2007 na 2013, zote zilikutana na laini zenye zinapokezana, na zote zilinyamazishwa. Mi siezi ita hiyo bahati.

Adui naye si mjinga. Sheria inasema ofensi ikibadilisha wachezaji, refa lazima ape difensi muda wa kubadilisha pia. Lakini ofensi isipobadilisha, difensi haina huo muda. So makochi wakali huacha wale wale kumi na moja, hawakutani kupanga, wanapanga laini haraka, mpira inachezwa tena. Wale wanne wako ndani wamenaswa. Unawaona wakiangalia pembeni wakiomba, kochi anapunga mkono, mbadala amesimama kwa chaki na hawezi ingia, ju akiingia wakati mwenzake hajatoka wanakuwa kumi na wawili, na hiyo ni yadi tano za bure. Manning alijenga jina kwa hii kitu. Kwotabeki mwingine, Aaron Rodgers, alikuwa na macho ya kuona msee mmoja akitoka pole pole, akaitisha mpira hapo hapo. Ukiona hivyo, usiangalie mpira. Angalia vifua vya wale wanne.

Kuna wenye watasema: na Aaron Donald je? Hiyo ni haki kuuliza. Donald wa Rams, na kilo zake kama 127, wepesi kwa mtu wa katikati, alikuwa hatoki uwanjani hovyo. Mchezaji bora wa difensi mara tatu, 2017, 2018 na 2020. Saki 20 na nusu mwaka 2018. Na Super Bowl ya Februari 2022 ilifungwa na yeye, akimzungusha kwotabeki Joe Burrow kwa dauni ya nne mpaka mpira ikaenda bure, 23-20. Mi namheshimu kabisa. Lakini timu ikisema «sisi hatuhitaji kupokezana ju tuko na Donald wetu», mara nyingi hawana Donald. Wana msee mzuri mwenye wanamchosha mpaka Desemba.

Pia rotesheni haiwezi okoa kila kitu. Februari 2017, Atlanta Falcons walikuwa mbele 28-3 dhidi ya Patriots. Kochi wao, Dan Quinn, ndiye alikuwa akiongoza difensi ya Seattle ile 2013, so hii sayansi aliijua mwanzo mwisho. Grady Jarrett alimpiga Brady saki tatu hiyo usiku. Shida ilikuwa ofensi yao: wanapata mpira, wanaipoteza haraka, difensi inarudi uwanjani. Patriots walicheza michezo 93 na wakakaa na mpira zaidi ya dakika 40. Ukichezwa mara 93, ata wanane hawatoshi. Falcons walipoteza 34-28 kwa muda wa ziada, na watu walilaumu difensi. Mi nalaumu wale wenye hawakuipa nafasi ya kukaa chini.

Sasa tubonge kuhusu doh, ju hapa ndio vijana wengi hukataa hii stori. Msee anafikiria: nikicheza nusu, nitalipwa nusu. Milton Williams alicheza karibu nusu tu ya snapu za Eagles msimu wa 2024. Mwezi uliofuata ile Super Bowl, Patriots walimpa mkataba wa miaka minne, dola milioni 104. Ameomoka. Kila alipoingia alikuwa mkali, na makochi wa timu zingine walikuwa wakiona hizo snapu, sio zile zenye alikuwa amekaa.

Na kuna Chris Long. Alikuwa stata miaka mob huko Rams, akachaguliwa namba mbili mwaka 2008. Alipofika Eagles mwaka 2017 akakubali kuwa msee wa zamu. Kwa nusu fainali dhidi ya Minnesota aliusukuma mkono wa Case Keenum akirusha, Patrick Robinson akaidaka na kuipeleka nyumbani, na mechi ikageuka. Yeye na Lane Johnson ndio walivaa zile maski za mbwa uwanjani, ju kila mtu alikuwa akisema Eagles watapigwa, na mtaa mzima Philadelphia ukaiga hiyo luku. Kwa fainali yenyewe, Brady alirusha zaidi ya yadi 500 na alikuwa hajapigwa saki. Zikibaki dakika mbili na sekunde chache, Graham, mwenye kawaida alikuwa wa kona, akawekwa ndani, akapita, akaupiga mpira ukatoka, na rukii Derek Barnett akauokota. Hiyo ndio saki pekee ya mechi nzima. Eagles 41, Patriots 33.

Long mwaka huo alitoa mshahara wake wote wa msimu kwa elimu. Kabla ya hapo, baada ya kupanda Kilimanjaro, alianzisha Waterboys mwaka 2015, yenye huchimba visima vya maji Tanzania. Haloti Ngata, mzito mwingine wa laini mwenye alikuwa naye Eagles mwaka 2018, alipanda huo mlima Machi 2019 na akatangazia kileleni kuwa amestaafu. Mita 5,895, na ule mwili. Respekti.

Kitu chenye kinanifanya niipende rotesheni zaidi ni mlango wenye inafungua. Timu yenye inacheza na wanne haina nafasi ya kufundisha mtu. Timu yenye inapokezana inaweza chukua msee mwenye alianza jana, impe snapu kumi, kazi moja tu: dauni ya tatu, mfikie kwotabeki. Efe Obada alizaliwa Nigeria, akakulia London, akaanza hii boli akiwa mtu mzima na klabu ya London Warriors. Septemba 2018, Carolina Panthers wakampa zamu kwa mechi dhidi ya Cincinnati. Akatoka na saki na akadaka pasi ya adui.

Na Osi Umenyiora, yule wa saki sita, ndiye anaongoza kazi ya NFL huku Afrika. Mwaka 2023 kambi yao ilifika Nairobi. Majamaa wetu wa raga wako na hizo kilo, wako na hiyo hatua ya kwanza, na wamezoea kugongana. Wengi wao huambiwa wamechelewa kujifunza mchezo mzima. Wajifunze snapu kumi kwanza.